Baba Ana Shughuli Kila Alhamisi

Görlitz, 11 Februari 2018

Kwako Baba,

Sisi huku wazima wote watatu, na tunatumaini goti lako limetulia na kuku wako wameanza kutaga. Agnieszka anakusalimu. Alirudi kazini maabarani baada tu ya mwaka mpya, kwa hiyo mama wa nyumba sasa ni mimi, mpaka mwezi wa nane. Mafundi wenzangu wa majiko ya vigae ya kupashia nyumba joto wakipita chini ya dirisha huniimbia nyimbo za kubembelezea watoto. Nami huwapungia nepi. Huwa ni safi, lakini wao hawajui, wanakimbia.

Najua simu ingekuwa rahisi. Najua pia utaniambia ulibeba barua za watu kisiwani miaka thelathini na nane na sasa ni zamu yako kuandikiwa. Basi hii hapa, na stempu nzuri.

Ninalotaka kukwambia ni hili. Jumanne iliyopita aligonga mlango mwanamke mmoja mwenye nywele fupi nyeupe na koti la mvua la kijani.

"Naitwa Lindenau, natengeneza filamu," akasema. "Nimeipenda ngazi yenu."

"Ngazi ni ya jengo zima, mama. Zungumza na wapangaji wote, na uanze na Bwana Kretschmer wa chini, maana akikosa usingizi wake wa mchana hakuna atakayekaa kwa amani."

"Na huyo?" Alikuwa anamtazama Marit, ambaye alikuwa begani kwangu akinitafuna sikio.

"Huyo ni wangu."

"Anafaa," akasema, na hapohapo akaketi jikoni kwetu bila kukaribishwa.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Ni habari ya mtegua mabomu, mmoja wa wale wanaoitwa kila watu wanapochimba msingi wa nyumba wakakuta bomu la vita vya zamani. Siku moja anaachiwa mlangoni mtoto ambaye ni wake na hakujua. Anabaki naye peke yake siku kumi. Bomu la nusu tani halimtishi, nepi inamtoa jasho. Mwisho kila mtu anapatana na kila mtu. Mtegua mabomu ataigizwa na Konstantin Vollrath, yule inspekta wa televisheni ambaye Mama kila akimwona alikuwa anatengeneza nywele zake. Mtoto ni Marit. Agnieszka alicheka mpaka akaketi sakafuni, halafu akakubali.

Baba, Marit ana miezi minne na hujamwona ila kwenye picha. Njoo Pasaka. Nitakupokea mwenyewe kituoni.

Mwanao,
Sönke


Kisiwani Föhr, 2 Machi 2018

Mwanangu Sönke,

Barua imefika. Stempu ni nzuri lakini uliibandika kombo.

Mimi mzima. Kuku wanne kati ya sita wanataga. Keike jirani anawasalimu, mbuzi wake mmoja aliingia kanisani wakati wa ibada na mchungaji akaendelea kana kwamba ni muumini aliyechelewa. Upepo ulizuia kivuko siku mbili, kwa hiyo magazeti ya Jumatatu tuliyasoma Jumatano, na hakuna aliyeona tofauti.

Nimefurahi kuhusu filamu. Mama yako angevaa gauni lake la bluu akavuka maji akaenda kumwona huyo Vollrath. Mwambie mkeo asimwachie mtoto mtu yeyote aliyejipaka poda.

Pasaka sitaweza. Goti. Na wale kuku wawili. Na Alhamisi nina shughuli.

Swali moja, la udadisi tu: zile gundi za nepi za siku hizi hufungwa kutoka nyuma kuja mbele, au kutoka mbele kwenda nyuma? Tulikuwa tunabishana hapa.

Msalimu mkeo na mtoto.

Baba yako,
Ocke Hinrichsen


Görlitz, 24 Machi 2018

Baba,

Kwanza salamu za Marit, aliyepata jino la kwanza na kulijaribu kwenye kidole cha mwongozaji wa filamu. Mama mkwe wangu amevuka daraja kutoka upande wa Poland na sufuria ya supu kubwa kuliko kigari cha mtoto. Agnieszka anasema wewe na mama yake mngepatana sana kwa sababu hakuna kati yenu anayejibu alichoulizwa.

Gundi hutoka nyuma kuja mbele. Mlikuwa mnabishana wewe na nani?

Mazoezi yameanza. Vollrath ni mtu mpole na mrefu, amepaka nywele rangi ya chokoleti, na hajawahi kumshika mtoto maishani. Alimpokea Marit kama mhudumu anayepokea sinia la keki: mikono mbele, kidevu juu, macho kwenye mlango wa kutokea. Marit alimtazama, akavuta pumzi, akapiga yowe, na Bwana Kretschmer akatoka na saa mkononi kutuonyesha kwamba ni saa saba na robo mchana.

"Kichwa kwenye kiwiko," nikamwambia Vollrath.

"Kiwiko kipi?"

"Chochote, bwana. Vyote viwili ni vyako."

"Na miguu yake?"

"Miguu itajipeleka."

Sasa nimempa mfuko wa unga alale nao hotelini. Jana alikuja asubuhi suruali nyeusi imegeuka nyeupe, akaniambia kwa sauti ya chini ili asisikike, "Sönke, nilimwangusha kwenye lifti." Nikamwuliza nani. Akasema, "Unga." Alikuwa na huzuni ya kweli. Nilimwambia akanunue mwingine na asimpe jina.

Lakini nawe, Baba. Keike alipiga simu Jumapili. Anasema amekuona mara mbili dukani mjini Wyk ukinunua poda ya watoto na pakiti ya nepi ndogo, na ulipomwona uliificha chini ya kabichi. Anasema pia kila Alhamisi saa nane unapanda baiskeli umenyoa ndevu na kuvaa shati la pasi. Agnieszka anasema tusikuulize. Mimi nakuuliza. Kuna mwanamke? Ana mtoto? Hatutakasirika. Mama ametutoka miaka sita sasa. Lakini ingependeza tujue kama Marit ana shangazi wa umri wake.

Sönke


Kisiwani Föhr, 19 Aprili 2018

Sönke,

Nimechelewa kujibu. Jibu la kwanza nililituma tarehe tatu, likarudi, kwa sababu nilikosea namba ya posta ya mji wenu. Aliyenirudishia ni kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, na alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, jambo lililoniuma zaidi.

Hakuna mwanamke. Hakuna shangazi. Keike aangalie mbuzi wake.

Kabichi ilikuwa nzuri.

Kuku wote sita wanataga.

Baba yako


Dresden, hospitali, 14 Mei 2018

Baba,

Usishtuke kwa hiyo anwani. Mimi mzima kuanzia kichwani mpaka gotini. Kuanzia gotini kwenda chini nina vyuma vitatu na skrubu kumi na moja. Agnieszka mzima, Marit mzima zaidi ya wote, ana meno manne na ameanza kukaa bila kushikwa.

Ilikuwa hivi. Upigaji picha ulianza mwanzo wa mwezi. Mtoto hawezi kuambiwa cheka, kwa hiyo mzazi husimama nyuma ya kamera akafanya upuuzi. Ijumaa nilipanda kwenye kiti na sufuria kichwani, nikawa nacheza kama tausi. Marit alicheka vizuri sana. Frau Lindenau, yule mwongozaji, akanong'ona, "Endelea, endelea, usiache." Sikuacha. Kiti ndicho kilichoacha. Nilianguka ngazi saba, nikavunjika mguu mara mbili, na Marit akaendelea kucheka mpaka wamenibeba. Wanasema ndiyo picha bora waliyopata. Wamenileta Dresden kwa ajili ya upasuaji, na nitakaa hapa mwezi mzima pamoja na mazoezi ya mguu.

Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba bado imebaki picha kuu, ya nepi. Kamera inatazama mikono tu: mtegua mabomu anambadilisha mtoto kama anategua bomu, taratibu, bila kukosea, mpaka mwisho. Vollrath amejaribu mara kumi na nne. Mikono inamtetemeka. Mara ya kumi na nne alijifunga gundi kwenye saa yake, na Marit akamlowesha mpaka kwenye masharubu ya bandia. Aliketi kwenye ngazi akasema, "Nimekamata wauaji mia mbili na kumi kwenye televisheni." Walitaka kutumia mikono yangu, lakini unajua kidole changu cha shahada kiliishia kwenye mashine ya kukata vigae. Na sasa niko kitandani. Agnieszka hawezi kuacha maabara, mama yake anamlinda Marit lakini anamgombeza mwongozaji kwa Kipolandi.

Nina muda mwingi wa kufikiri hapa, Baba, kwa hiyo nitasema. Marit ana miezi saba. Pasaka ulikuwa na goti. Mwezi wa tano una Alhamisi. Kama una neno juu ya mke wangu kwa sababu ya alikotoka, liseme waziwazi. Kama una neno juu yangu kwa sababu niliondoka kisiwani, liseme pia. Nimechoka kusoma habari za kuku.

Sönke


Kisiwani Föhr, 20 Mei 2018

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikaisoma nimeketi. Mguu unauma? Wape wakupe mito miwili, siyo mmoja, hospitalini huwa wanabana mito.

Juu ya mkeo sina neno ila jema. Nimejifunza kusema "habari za mchana" kwa Kipolandi kutoka redioni. Nilijaribu kwa Keike, akadhani nina kiharusi.

Juu yako pia sina neno. Neno ninalo juu yangu, na sikuwahi kumwambia mtu ila mama yako, ambaye alikuwepo.

Ulikuwa na wiki tatu. Nilirudi kazini na gunia la barua begani, nikaliweka sakafuni, nikataka kukuinua. Nilikuinua. Mikono ilikuwa na baridi, sijui, ulijinyonganyonga kama samaki, ukanitoka. Ulianguka juu ya gunia. Barua za Krismasi, zilikuwa nyingi, ukaangukia humo kama kwenye godoro. Hukulia hata kidogo. Aliyelia ni bibi yako mzaa mama. Akakuokota akasema, "Ocke, mikono yako ni ya bahasha." Hakusema kwa ubaya. Lakini nililibeba neno hilo. Sikukushika tena mpaka ulipoanza kutembea, na ulipoanza kutembea ulikuwa unashikika kwa mkono mmoja tu, barabarani. Mama yako alinisihi. Nilikuwa nasema nina kazi. Unaona sikuanza leo kuwa na shughuli.

Ulipopiga simu kwamba Marit amezaliwa, nilikwenda bandarini kukata tiketi. Nilifika dirishani nikanunua gazeti.

Sasa Alhamisi. Katika ukumbi wa kanisa Wyk kuna kozi ya mababu, ya kulea wajukuu. Anafundisha mkunga, Frau Tadsen, mwanamke mdogo mwenye sauti ya nahodha. Tuko sita, na kila mmoja ana mwanasesere wake. Siku ya kwanza wangu alitoka kichwa kikavingirika chini ya piano. Frau Tadsen alikisukuma kwangu kwa mguu akasema, "Ocke, hicho nacho ni chake, kirudishe." Nilitaka kuondoka. Yule Nickels, aliyekuwa nahodha wa kivuko, alikuwa amemvisha wake nepi kwenye mkono, nikaona kumbe niko na wenzangu, nikabaki. Nimehudhuria Alhamisi kumi na tisa. Nikiwa na nepi nyumbani namfanyia mazoezi kuku mmoja, lakini hilo lisifike kwa Keike. Wiki iliyopita tulishindanishwa. Nickels alitumia dakika moja na sekunde mbili. Mimi sekunde thelathini na sita, na mwanasesere ana kichwa.

Frau Tadsen amenipa cheti. Nimekitundika jikoni.

Nitafika Görlitz Jumamosi hii kwa treni ya saa kumi na dakika kumi na mbili. Mwambie mkeo asije na mtoto kituoni. Nataka kwanza ninawe mikono kwa maji ya moto.

Baba yako


Görlitz, 31 Mei 2018

Mwanangu,

Mkeo ataileta barua hii Jumapili akija kukuona, kwa sababu nikiitia kwenye sanduku itakwenda kwanza kuzunguka nchi nzima. Hapa wote wazima. Mama mkwe wako na mimi tunapatana. Yeye anasema Kipolandi, mimi nasema cha kisiwani, na tumekwisha gombana mara mbili juu ya supu.

Jumamosi mkeo alinipokea peke yake kama nilivyoomba. Nikamsalimu kwa Kipolandi. Akanitazama, akaniambia, "Baba, umeniambia usiku mwema." Halafu akanikumbatia palepale mbele ya watu wa treni, na sikujua mikono niiweke wapi, nikaiacha hewani.

Nyumbani nilinawa. Nilinawa mpaka mkeo akagonga mlango wa bafu. "Baba, hiyo ni ngozi, haitoki." Nikatoka. Akanipa mtoto bila kuniuliza, kama mtu anavyokuachia mlango uushike, akaenda jikoni. Sönke, mwanasesere hana joto. Hilo Frau Tadsen hakutuambia. Nilisimama katikati ya chumba bila kupumua. Marit akanishika pua, akaikagua vizuri, akaachia. Akanilalia. Mkeo aliporudi na kahawa alinikuta bado nimesimama palepale, akaninywesha kwa mkono wake.

Jumatatu nilimpeleka kwenye filamu. Pale ngazini wakati wa mapumziko aliharibu nepi, nami nikambadilisha kwenye meza yao ya taa, kwa sababu ilikuwa na kimo kizuri. Frau Tadsen ametufundisha tumwambie mtoto kila tunachofanya ili asishtuke. Basi mimi huwa nasema. "Sasa tunafungua kushoto, binti. Taratibu. Sasa kulia. Hakuna haraka. Sasa nainua, usitikisike. Tunafuta. Tunafuta tena. Hiki ndicho kipande cha hatari. Vizuri. Tumemaliza, hakuna aliyeumia."

Nikainua kichwa. Watu kama thelathini wamesimama wananitazama. Vollrath ameshika kofia yake kifuani. Frau Lindenau akasema, "Bwana, wewe ni nani?"

"Mimi ni babu yake."

"Unaweza kufanya hivyo tena?"

"Akipenda yeye."

Wakanipaka poda, Sönke. Mikono. Nywele za vidole wakazinyoa, maana Vollrath eti ana miaka arobaini na mitano, ingawa mimi nimeona kitambulisho chake kikidondoka na tumepishana miaka mitano tu. Wakanivisha mikono ya koti lake la kazi, yeye akasimama nyuma yangu anatoa jasho kwa ajili ya picha za uso wake. Nikafanya. Nikasema maneno yaleyale. Mara ya kwanza ikatosha. Vollrath alikuwa analia, lakini alisema ni taa.

Halafu wakapiga makofi, na Bwana Kretschmer akatoka na saa yake. Marit akashtuka, akapinda mgongo, akajinyonganyonga. Kama samaki.

Hakunitoka.

Nilimshika tu. Mikono ilijua yenyewe. Hakuna aliyeona kitu, kwa wote palikuwa ni mtoto aliyejinyoosha. Lakini mimi nilikwenda kuketi kwenye ngazi, nikiwa bado na koti la mtu, naye akalala hapohapo mkononi, na waliponitaka nirudishe koti niliwaambia wasubiri. Walisubiri saa mbili na nusu. Walipiga picha za dirishani wakati huo.

Mkeo anasema nile, naacha hapa.

Baba yako


Dresden, 6 Juni 2018

Baba,

Mguu unaendelea vizuri. Nimepewa mito miwili. Mgonjwa mwenzangu, fundi wa paa aliyeangukia bustani ya jirani, anasoma barua zako baada yangu na anauliza habari za kuku. Nimemwambia Keike anawalisha.

Agnieszka aliketi hapa kitandani akanisimulia upande wake. Anasema hukumweka Marit chini siku tatu, na mama yake amekuja kwako na saa ya jikoni ili mpeane zamu. Anasema alikuta umemwandikia Frau Tadsen kurasa nane.

Nimeisoma barua ya tarehe ishirini mara nyingi. Sikumbuki gunia, bila shaka. Ninachokumbuka ni mgongo wako kwenye baiskeli, na mimi nimeketi nyuma nimeshika mkanda wako, tunapeleka barua upande wa magharibi. Nilikuwa nadhani baba ndivyo alivyo, ni kitu cha kushika kwa nyuma. Sikuwa na huzuni, usifikiri hivyo. Ila nilipompata Marit nilianza kujiuliza, na ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali.

Wananitoa Jumamosi tarehe kumi na sita. Nina ombi, na ningeona aibu kulisema kwa simu, sasa naelewa kwa nini unapenda barua. Mimi nina miaka thelathini na mitano na kilo tisini na mbili, plasta haijahesabiwa. Sijui ombi lenyewe liandikwe vipi. Nadhani umelielewa.

Sönke


Görlitz, 11 Juni 2018

Mwanangu,

Huku wazima. Marit alitambaa jana kwa mara ya kwanza, kinyumenyume, mpaka chini ya jiko la vigae ulilolijenga, na ilibidi mimi na mama mkwe wako tulale sakafuni kumtoa. Yeye ametoka, sisi ndio tuliosaidiwa kuinuka.

Filamu wamemaliza. Frau Lindenau anasema itaonyeshwa Novemba na jina langu litaandikwa mwishoni, herufi ndogo. Keike tayari amewaambia kisiwa kizima kwamba nimecheza kama Vollrath, na Vollrath amenipigia simu kuniuliza kama Frau Tadsen anapokea wanafunzi kutoka bara. Kumbe binti yake ana mimba. Alikuwa hajamwambia mtu.

Mkeo ameniomba nibaki mpaka utembee vizuri. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kuhusu ombi lako, limeeleweka. Nimekwenda kituoni leo kutazama pale. Treni yako inaingia jukwaa la tatu, karibu na benchi, pana nafasi. Ukishuka usininyooshee mkono wa kusalimiana kama wanaume wa nyumbani. Magongo mpe mkeo. Mtoto atakuwa kwa mama mkwe wako. Simama tu kwa mguu mmoja, usiogope uzito.

Nitakushika.

Baba yako